Milango Yenye Nukta

Mji ulikuwa na milango mitano, na Mshamu hakuiamini hesabu hiyo tangu siku ya kwanza.

Picha. Sauti. Nyaraka. Video. Mapakuzi. Milango mitano upande mmoja wa ukumbi mrefu, kila mmoja na jina lake juu kwa herufi za buluu. Upande wa pili ulikuwa ukuta mtupu uliopakwa chokaa, mweupe hadi unaumiza macho. Ukimuuliza mkazi yeyote ukuta ule ni wa nini, atakujibu ni ukuta, na ataendelea na safari yake.

Ulikuwa mji mdogo. Ulienea kiganjani, kwa sababu ulikuwa ndani ya simu, na simu yenyewe ilikuwa ya Linux, ile aina ambayo wanaoisifu husema haina siri: kila kilichomo kimeandikwa na watu wanaojulikana, na mwenye macho anaruhusiwa kusoma. Mshamu aliichukua kwa maneno hayo. Jinsi alivyotoka kuishika simu mpaka akawa anatembea ndani yake, hakuwahi kujieleza. Alikumbuka amekaa kibarazani kwake, dole gumba juu ya kioo, anatafuta kitu. Kisha alikumbuka ukumbi, na baridi ya sakafu chini ya nyayo. Kati ya kumbukumbu hizo mbili palikuwa na asubuhi moja, au miaka mitatu. Wakati katika mji ule haukuwa na tabia ya kupita. Ulikaa pale pale ukibadilisha nguo.

Kabla ya hapo, katika maisha yale mengine, Mshamu alikuwa mlinzi wa ghala la korosho kwa miaka kumi na tisa. Kazi ya ulinzi ilimfundisha jambo moja, na hilo moja lilimtosha. Ghala lenye hatua arobaini kwa nje na hatua thelathini kwa ndani lina ukuta wa uongo. Huhitaji kumshuku mtu. Unapima kwa miguu, halafu miguu ndiyo inayoshuku.

Basi alipima. Getini mwa mji paliandikwa kwamba mji wote ni mikeka thelathini na miwili. Aliingia vyumba vyote vitano, akatandika mkeka mmoja baada ya mwingine kwa macho, akahesabu kumi na mmoja. Akarudia kuanzia mwisho. Kumi na mmoja. Mikeka ishirini na mmoja haikuwa popote, na hakuna mtu aliyeonekana kuikosa.

Angeweza kulimeza hilo, kama alivyomeza mengi. Lakini asubuhi hiyo tangazo lilitokea katikati ya ukumbi, likining'inia hewani bila kamba:

NAFASI IMEKWISHA. MKAZI ACHAGUE CHA KUFUTA KABLA YA SAA SITA MCHANA. ASIPOCHAGUA, MJI UTASIMAMA.

Na chini yake mshale mdogo, wa adabu, ukielekeza mlango wa Sauti.

Ndani ya Sauti mlikuwa na Somoe, mkewe, aliyefariki msimu wa mvua. Hakuwa mwenyewe; zilikuwa rekodi zake arobaini na moja. Somoe alikuwa akibangua korosho uani, na mikono ikiwa kazini mdomo wake nao ulikuwa kazini, basi Mshamu alikuwa akiiweka simu juu ya kinu na kusema, "Haya, endelea, nakurekodi." Naye angecheka, angejikohoza kama mtu wa redioni, angeanza: habari za majirani, ndoto zake, jinsi ya kupika kisamvu kisije kikachacha, nani alimchumbia kabla ya Mshamu na kwa nini alimkataa. Nyuma ya kila neno ulisikika mlio wa ganda linavunjika. Ka. Ka. Ka. Hizo rekodi arobaini na moja ndizo zilikuwa nzito kuliko vyote vilivyokuwa nyuma ya milango mitano, na mshale uliziona.

*Wana mikeka ishirini na mmoja ya kwao. Halafu wananiambia nimtupe Somoe.*

Mwisho wa ukumbi palikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha alikaa Bi Siwatu, msimamizi wa mafaili. Alikuwa mama wa makamo ya juu, kanga begani, miwani imefungwa kwa uzi wa kushonea. Kazi yake ilikuwa kumwonyesha kila mtu kilicho chake. Unataja unachotaka, anakuonyesha kwa kidole. Hakuna aliyewahi kumwona akisimama.

"Nimekuja kuuliza," akasema Mshamu, ingawa hakuja kuuliza. "Mikeka ishirini na mmoja iko wapi?"

"Shikamoo haimo siku hizi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Ipi hiyo?"

"Mji ni mikeka thelathini na miwili. Milango mitano ni kumi na mmoja. Nimepima."

Bi Siwatu akaivuta miwani chini kidogo, akamtazama kama mtu anayetazama mvua ikiingilia dirishani. "Mji una mambo yake, Bwana Mshamu. Una misingi, una nguzo, una mabomba. Hayo si ya kutazamwa na kila apitaye."

"Nani kasema?"

"Ndivyo nilivyoukuta."

"Kwa hiyo vipo."

"Sijasema havipo. Nimesema huvioni."

"Na wewe unaviona?"

"Mimi ni msimamizi."

"Sijakuuliza kazi yako, Bi Siwatu."

Akashusha pumzi. "Ukialikwa kula kwa watu, unaanza kwa kukagua choo chao?"

"Nikila kwa watu siambiwi nimtupe mke wangu ili wapate pa kuweka sahani."

Bi Siwatu aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akairudisha. "Hilo la marehemu limeniingia," akasema. "Lakini tangazo sikuliandika mimi."

"Kaliandika nani?"

"Linajiandika."

Jibu hilo ndilo lililommaliza Mshamu. Katika miaka kumi na tisa ya lindo aliwahi kusikia wezi wakisema mengi: gunia lilidondoka, panya walitoboa, mlango ulikuwa wazi. Lakini kwamba jambo linajifanya lenyewe, hilo hakuwahi kulisikia kutoka kwa mwizi. Alilisikia kutoka kwa wenye ofisi tu.

Akaondoka bila kuaga.

Karibu na geti palikuwa na kibanda cha Chikawe, fundi, mtani wake wa siku nyingi. Juu ya kibanda palikuwa na kibao kikubwa cha biashara, na juu ya kibao hapakuwa na herufi hata moja. Palikuwa na visanduku vitupu, vimepangwa mstari kama meno yaliyong'olewa.

"Unasoma nini hapo?" akauliza Chikawe bila kuinua kichwa.

"Visanduku."

"Imeandikwa Chikawe, Fundi wa Yote. Nakumbuka tu. Hata mimi siioni." Akamsogezea kigoda. "Kaa, mtani. Una sura ya mtu aliyenyimwa ubwabwa msibani."

Mshamu akakaa, akamweleza: mikeka, tangazo, mshale, Somoe, dirisha. Chikawe alisikiliza huku akikuna kidevu kwa bisibisi.

"Mji wangu wa kwanza," akasema, "ulikuwa wazi kama uwanja wa mpira. Hakuna pazia, hakuna cha kuficha. Unaingia, unakuta kila kitu kimesimama mbele yako, chako na kisicho chako. Siku moja na mimi nikaambiwa nafasi imekwisha. Nikazunguka, nikakuta chumba kimejaa majina mia tatu nisiyoyajua hata moja. Nikasema, hawa ni wapangaji haramu. Nikawatoa wote kwa mkupuo mmoja, nikakaa kivulini, nikajisifu."

"Walikuwa nani?"

"Herufi, mwenzangu. Sura za herufi. A ya kulala, a ya kusimama, be ya kichwa cha habari. Tangu siku hiyo kila ninachoandika kinatoka visanduku. Barua kwa mama, visanduku. Jina langu kaburini litakuwa visanduku, na watu watasema hapa kazikwa muuza masanduku."

Mshamu hakucheka. "Kwa hiyo unasema wana haki ya kuficha."

"Usinilishe maneno. Aliyefuta ni mimi. Mlango ulikuwa wazi tu. Mimi ningeonyeshwa vyote, halafu niandikiwe juu kwa wino mwekundu: hii ni nguzo, usiiguse, mjinga wewe. Ningeona, na ningekuwa na herufi zangu." Akaitazama bisibisi yake. "Au ningeigusa vilevile. Najijua."

Kisha akainama, akaongea kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na mtu.

"Ule ukuta mweupe si ukuta. Ni milango. Kila mlango una nukta mbele ya jina lake, kinundu kidogo cha utomvu mweusi uliokauka, kama kichwa cha pini. Desturi ya huku ni kwamba chenye nukta jicho linakiruka. Hakuna aliyekatazwa kutazama. Macho yamezoea tu."

"Nani alianzisha?"

"Wanasema zamani sana, watu waliokuwa wakitaja vilivyomo katika mji walichoka kutaja alama mbili zisizo na maana, nazo zote zilianza na nukta. Mmoja akaweka kanuni ya haraka: kinachoanza na nukta kirukwe. Alitaka kuwahi nyumbani. Wengine wakaona, kumbe ukitaka kitu kirukwe, unakiwekea nukta. Basi. Haikuwa siri, mtani. Ilikuwa haraka ya mtu mmoja."

Mshamu alilitafakari hilo muda mrefu, au muda mfupi uliovaa nguo ndefu. Siri iliyofichwa kwa nia mbaya aliielewa. Unaitafuta, unaifumania, unaipeleka mbele ya watu. Lakini siri iliyozaliwa na uvivu, ikarithiwa na wasiojua, ikalindwa na wasio na nia, hiyo utamkamata nani? Akakumbuka getini kwake kule ghalani, jinsi mameneja walivyokuwa wakipita mbele yake miaka kumi na tisa, mmoja baada ya mwingine, na jicho la kila mmoja likiruka kutoka nguzo ya kushoto hadi nguzo ya kulia. Hawakumchukia. Hawakumficha. Alikuwa sehemu ya geti. Siku aliyoumwa homa ndipo walipouliza kwa nini geti halifunguki. Huenda na yeye alikuwa amewekewa nukta mbele ya jina, tangu kuzaliwa, na hakuna aliyempa kioo.

"Mwambie Bi Siwatu avute pazia la ukuta ule," akasema Chikawe. "Kamba iko kwake, kulia. Ukiomba anavuta."

"Anione nimeenda kupiga magoti, halafu anivutie anachotaka yeye nikione?"

"Pazia ni moja tu, Mshamu."

"Aliyeshika kamba ndiye anayechagua." Akainuka. "Mimi nitatumia kidole changu."

"Kutazama ni kutazama," Chikawe akamwambia mgongoni. "Usiguse kitu. Nakwambia mimi, mwenye visanduku."

Lakini mtu aliyeshuku asubuhi nzima haendi kutazama tu. Mshamu alirudi ukumbini, akasimama mbele ya ukuta mweupe, akaweka dole gumba juu ya chokaa na kuanza kulipitisha taratibu, kama kipofu anayetafuta pua ya mwenzake. Ukuta ulikuwa laini. Akaenda hatua tano, kumi, kumi na mbili. Kisha kikamgusa. Kinundu kidogo, kigumu, cha utomvu.

Akalilamba dole gumba, akasugua. Kinundu kikashika. Akatumia ukucha. Kikabanduka, kikaingia chini ya ukucha wake kama uchafu, na papo hapo mlango ukawa mbele yake, mpana, wa mbao, kana kwamba ulikuwepo tangu juzi na yeye ndiye aliyechelewa. Juu yake paliandikwa: mipangilio.

Akaingia akiwa amekunja ngumi.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na rafu, na juu ya rafu kadi, maelfu, kila moja na sentensi moja kwa mwandiko usio na haraka. Akachukua ya kwanza. *Herufi ziwe kubwa, macho yake hayaoni karibu.* Ya pili. *Saa ihesabiwe kama kwao, asubuhi ianze saa kumi na mbili.* Ya tatu. *Aitwe Bwana Mshamu, si Mshamu tu.* Ya nne. *Mwanga upungue jioni, humuuma kichwa.* Ya tano aliishika kwa muda. *Sauti za Somoe zipangwe kwa siku alizosema, zisipangwe kwa majina.*

Damu ikampanda. Basi walijua macho yake. Walijua kichwa chake kinauma lini. Walikuwa na kadi ya mkewe. Hakukumbuka kwamba mwenyewe, siku moja kibarazani, ndiye aliyezikuza herufi kwa dole gumba, na siku nyingine akazipanga rekodi zile kwa tarehe. Mtu hakumbuki amri ndogo anazotoa. Anakumbuka alizopewa.

Akatoka, akauacha mlango wazi makusudi ili kila apitaye auone, akatembea kuelekea dirishani kifua mbele.

Hatua ya tatu aliona herufi za buluu juu ya milango zimekuwa ndogo kama mayai ya chawa. Hatua ya saba akaona saa ya ukutani: ilionyesha saa za nchi nyingine, na siku ya kwanza ya mwaka ambao yeye hakuwa amezaliwa. Mwanga ukawa mkali. Alipofika dirishani Bi Siwatu aliinua uso, akatabasamu tabasamu ambalo halikumjua mtu, akamsalimu kwa lugha asiyowahi kuisikia. Akajaribu ya pili. Akajaribu ya tatu. Ya nne ilikuwa Kiswahili.

"Karibu, mgeni. Tuanze pamoja. Jina lako nani?"

"Bi Siwatu."

"Hilo ni lako?"

"Ni lako wewe."

"Tuanze pamoja," akasema Bi Siwatu kwa upole ule ule. "Jina lako nani?"

Mshamu alikimbia. Aliufungua mlango wa Sauti akakuta chumba safi, kimefagiwa, rafu tupu, na maandishi madogo katikati ya ukuta: *Bado hakuna sauti hapa. Gusa duara jekundu uanze.*

Akakaa chini. Kitu kilichokuwa kifuani mwake tangu asubuhi, ile tuhuma ngumu yenye pembe, kililegea ghafla, na chini yake hapakuwa na ushindi wowote. Palikuwa na mtu wa miaka hamsini na mbili kwenye sakafu ya chumba kitupu. *Wamemtoa. Nimechungulia, wamemtoa.* Kisha wazo jingine, dogo, la pembeni: *Au nimemtoa mimi.*

Hakujua alifikaje kwa Chikawe.

"Umeibandua?" Chikawe akauliza kabla hajasema neno.

"Nimeibandua."

Chikawe akaweka bisibisi chini. "Sikiliza. Watumishi wa mji huu hawana macho. Wanapapasa. Wanapita ukutani wakitafuta kile kinundu, wakikipata wanajua hapa pana kadi za Bwana Mshamu, wanaingia, wanasoma, wanatengeneza mji kama unavyoutaka. Leo wamepapasa hawajakipata. Wamesema huyu hana kadi, ni mgeni, tumkaribishe. Hawana ubaya na wewe. Mlango uko wazi na wao ndio pekee wasiouona."

"Na Somoe?"

"Yupo alipokuwa. Rafu hazijui zimpange vipi. Kinundu umekitupa wapi?"

Mshamu akatazama mikono yake. Ulikuwepo chini ya ukucha wa dole gumba, ule weusi mdogo, umekwama.

"Wewe una bahati ya wachafu," akasema Chikawe. "Ungekuwa unanawa mikono, ungekuwa umeliwa."

Mshamu alirudi ukutani, akaurudisha kwa mate, akaukandamiza mbele ya jina, akahesabu hadi mia. Alipoondoa kidole mlango haukuwepo. Palikuwa na ukuta mweupe. Nyuma yake alisikia herufi zikivimba taratibu, saa ikigeuka, na mwanga ukishuka kama mtu anayekaa.

Saa ilionyesha saa tano na nusu. Tangazo lilikuwa bado linaning'inia.

Akaenda dirishani. Bi Siwatu aliinua uso, na safari hii uso ulimjua, nao ulikuwa umenuna.

"Shikamoo, Bi Siwatu."

"Marahaba."

"Naomba uvute pazia."

Akamtazama. Kisha akasimama, jambo ambalo Mshamu hakuwahi kuliona. Alikuwa mfupi kuliko alivyodhani, na mguu mmoja ulikuwa unachechemea. Akashika kamba iliyokuwa kulia kwake, kamba ya kawaida ya katani, akaivuta.

Ukuta mweupe uliteleza pembeni kama shuka. Milango ilikuwa mingi mno. Ilikwenda mpaka mahali ambapo ukumbi ulipinda, na kila mmoja ulikuwa na kinundu chake cheusi mbele ya jina. Nyuma ya mingine zilisikika pampu. Nyuma ya mmoja mtu alikuwa akihesabu, na hakuonekana kuwa na nia ya kufika mwisho.

"Ungeniambia tangu asubuhi," akasema Mshamu.

"Hukuniomba. Ulinituhumu, na mimi nikajitetea. Tungeendelea hivyo mpaka saa sita."

"Na kule mwisho, ule mlango wa chuma?"

Bi Siwatu akafuata kidole chake. "Ule na mimi sina ufunguo," akasema. "Nimeukuta."

Wakautazama wote wawili. Mshamu alilihifadhi hilo. Alikuwa mlinzi, aliujua mlango wa kurudiwa siku nyingine.

"Nyuma ya nukta kuna cha nani kikubwa kuliko vyote?" akauliza.

"Chako."

Akampeleka hadi mlango wa nne. Juu yake paliandikwa: vilivyotupwa. Na kabla hajaufungua alisimama, akashika kitasa bila kukizungusha.

"Hili ni kosa letu," akasema, na ilionekana halikuwa neno alilolizoea. "Nguzo na mabomba, sawa, nitabishana na wewe mpaka kesho kwamba mtu hana haja nayo. Chumba hiki hapana. Mtu akifuta kitu anadhani kimekwenda. Hakijaenda. Tunakihamishia humu, tunakiwekea nukta, tukisema labda atajuta. Halafu nafasi ikiisha tunamwambia atupe kingine. Hiki kingewekwa mbele, pamoja na ile mitano."

Akafungua.

Vitu vyote vilikuwa vya Mshamu. Picha za kidole chake mwenyewe. Barua alizoanza hakumaliza. Lakini hivyo vilikuwa vichache, vimebanwa kwenye kona, kwa sababu chumba chote kilijazwa na kitu kimoja, robota moja kubwa, furushi la sauti lililofika darini. Hakuhitaji kusoma tarehe.

Ilikuwa rekodi ya arobaini na mbili. Siku ile hakuikata. Ilikimbia mchana kutwa mpaka betri ikazima, ikanenepa kuliko zote kwa pamoja. Baada ya mazishi aliisikiliza mara mbili. Ya pili hakufika mwisho. Aliifuta kwa dole gumba lile lile, akavuta pumzi, akaisahau. Kusahau kwake kulikuwa kamili. Angeweza kuapa mbele ya mtu yeyote kwamba Somoe ana rekodi arobaini na moja.

"Saa sita kasoro dakika kumi," akasema Bi Siwatu. "Ukiirudisha Sauti, basi zile nyingine zitoke. Ukiifuta hapa, hairudi tena, na hizo nyingine zitakaa. Vyote viwili havienei."

Mshamu akagusa robota kwa kidole.

Ka. Ka. Ganda. Upepo wa uani. Kisha Somoe, karibu mno, na sauti isiyo ya redioni hata kidogo:

"Mshamu, umelizima hilo dude?"

Na sauti ya mwanamume, ya haraka, ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayejibu swali dogo:

"Nimezima."

Ka. Ka.

"Uwe umezima kweli. Nina jambo nataka nikwambie, na sitaki likae popote. Likae kwako tu."

Mshamu aliinua kidole. Sauti ikakatika. Bi Siwatu alikuwa ameinamisha uso, anatazama kamba za ndala zake.

Asubuhi nzima alikuwa amemtafuta mtu aliyeficha. Alikuwa amepima kuta, amebandua utomvu kwa ukucha, amemwita mama wa watu mwongo kwa kila namna isipokuwa kwa jina. Na huyo mtu alikuwa humu tangu mwanzo, nyuma ya nukta, akisema neno moja kwa sauti ya kawaida. Katika zile arobaini na moja Somoe alijua anasikilizwa. Alijikohoza, alicheka, alichagua maneno. Katika hii hakujua. Hii ndiyo aliyokuwa mwenyewe zaidi, na hii ndiyo ambayo hakuitoa.

Alitamani kuisikia yote. Alitamani kiasi cha kushika ukuta.

"Ifute," akasema.

"Una hakika? Hairudi." Ilikuwa sentensi ya kazi yake, ameisema mara elfu, lakini safari hii aliisema kama swali.

"Nina hakika."

Robota liliondoka bila kishindo. Chumba kikabaki kipana, na mwangwi. Huko ukumbini tangazo lilijikunja, mshale ukaingia ndani yake, na kutoka mlango wa Sauti zikasikika kwa mbali, zote pamoja, kama mvua inayoanza juu ya mabati: ka, ka, ka.

Walirudi dirishani polepole, kwa sababu ya mguu wa Bi Siwatu. Akakaa, akashika kamba.

"Nifunge?"

Mshamu akaitazama milango, na ule wa chuma kule mwisho, na kinundu cha mipangilio kilichokaa upande kidogo kwa sababu alikibandika kwa haraka.

"Funga," akasema. "Ila kamba uihamishie huku nje, mahali mkono wa mtu unafika."

Bi Siwatu akaitazama kamba, akamtazama yeye, akaanza kuifungua fundo.

Mshamu akaenda zake. Jambo lile alilolisema Somoe alilijua bado, neno kwa neno, na sasa halikuwa mahali pengine popote duniani. Alipofika getini Chikawe alimuuliza amepata nini nyuma ya ukuta.

"Vitu vyangu," akasema, akapita.